Fleming na Vidonge Vinane Vilivyobaki

Muhula uliopita, wiki moja kabla ya mitihani, nilipata homa na koo likavimba hadi kumeza mate ikawa kazi. Zahanati walinipima, wakaniandikia amoksilini vidonge 15: kimoja mara tatu kwa siku, siku tano. Siku ya tatu asubuhi nikajisikia mzima. Nilikuwa nimeshameza saba, vinane nikavitia kwenye droo. Akiba. Si unajua bumu likikata hata dawa ni mali?

Siku mbili baadaye mwenzangu wa chumba akashikwa na mafua. Mimi, daktari wa hosteli, nikamkabidhi vile vinane. Usiku huohuo akaanza kujikuna. Vipele vikatoka mwili mzima, midomo ikavimba, pumzi ikawa ya kuhangaikia. Tulimkimbiza saa saba za usiku. Alipona, namshukuru Mungu. Nesi aliniuliza jambo moja tu: kama nilijua kwamba rafiki yangu ana aleji ya penisilini. Nilikuwa sijui hata kwamba amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Aibu ile ndiyo iliyonipeleka maktaba kusoma habari za mtu aliyeigundua.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 kwenye shamba liitwalo Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, Uskoti. Baba yake, mkulima, alifariki Alexander akiwa na miaka saba. Alipobalehe aliwafuata kaka zake London, akasoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli kwa miaka minne. Kilichomtoa huko ni urithi mdogo alioachiwa na ndugu wa marehemu baba yake. Akalipia ada, akaingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, akahitimu mwaka 1906. Yaani pasingekuwa na ule urithi, pengine angezeeka akiandika hesabu za mizigo.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ufaransa, kutibu majeruhi. Huko aliona askari wakifa, si kwa risasi, bali kwa vidonda vilivyooza. Madaktari walikuwa wakimwaga dawa kali za kuua vijidudu ndani ya vidonda virefu. Fleming alionyesha kwamba dawa zile haziwafikii bakteria waliojificha chini kabisa, ila zinaua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili wenyewe. Kumbe dawa kali ikiwekwa pasipo pake inamsaidia adui.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo. Hakuwa mtu wa kupanga meza, na visahani alivyooteshea bakteria wa majipu alikuwa ameviacha vimerundikana. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, mfano wa ule wa mkate uliokaa siku nyingi, na bakteria waliouzunguka walikuwa wameyeyuka. Wengi wetu tungekitupa. Yeye alikichunguza, akakipa kile kinachotoka kwenye ukungu jina la penisilini, na mwaka 1929 akachapisha matokeo. Ila kukisafisha kiwe dawa kulimshinda. Miaka kama kumi baadaye, Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford ndio waliokifikisha huko.

Mwaka 1941 watu hao wa Oxford walimdunga dawa hiyo polisi mmoja aliyekuwa akioza uso kwa maambukizi. Ndani ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Halafu dawa ikaisha. Walikuwa hata wakiikamua kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie, bado haikutosha. Ugonjwa ukarudi, akafa. Hapo niliacha kusoma kwa muda. Yule polisi alikosa dawa ya kumalizia. Mimi nilikuwa nayo, nikaifungia kwenye droo.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Katika mhadhara wake wa Stockholm, Desemba mwaka huo, Fleming hakuishia kusimulia ushindi. Alionya kwamba penisilini ikianza kuuzwa madukani, watu watajitibu kwa dozi ndogo mno, na bakteria watazoea. Akatoa mfano wa kutunga: bwana mmoja anaumwa koo, anajinunulia dawa, anatumia kidogo. Vijidudu havifi, vinajifunza kustahimili. Mkewe anaviambukizwa, anapata nimonia, penisilini haifui dafu, mama wa watu anafariki. Kwa Fleming, mwenye lawama alikuwa yule mume. Alikuwa anaeleza kile ambacho leo tunakiita usugu wa dawa, miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa.

Alifariki London tarehe 11 Machi 1955 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Wanachuo wenzangu, sisi ndio yule bwana wa mfano. Mafua ni ya virusi, na antibayotiki haiui virusi hata umeze kopo zima. Ukiandikiwa dawa, meza kwa idadi na siku ulizoambiwa. Ukitaka kuacha, muulize aliyekuandikia. Cha kwako usimgawie mtu, hata kama mnagawana chipsi. Ukijua una aleji, sema kabla hujaulizwa. Na ukiona midomo inavimba au pumzi inabana baada ya kumeza dawa, usisubiri kupambazuke, kimbia hospitali.

Mwenzangu bado tuko chumba kimoja. Amenisamehe, ila kwa sharti: hata nikimpa Panadol, kwanza namsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye paketi. Nasoma.