Paroko wa Ars na Kijiji Chake

Katika nchi ya Ufaransa, mwendo wa kilometa 35 kaskazini ya mji mkubwa wa Lyon, kuna kijiji kiitwacho Ars. Kipo katika nchi ya Dombes, upande wa mashariki wa mto Saône. Udongo wa Dombes ni mfinyanzi mzito. Mvua ikinyesha, maji hayazami upesi, bali hutuama. Kwa sababu hiyo wenyeji wa kale walijenga kingo, wakafanya mabwawa mengi. Muda fulani walifuga samaki ndani yake, kisha waliyaondoa maji na kupanda nafaka mahali pale pale. Lakini mabwawa hayo yalileta pia homa nyingi. Karibu na nyumba za Ars hupita kijito cha Formans, kinachomwaga maji yake katika Saône.

Dombes ilikuwa na mtawala wake wa pekee mpaka mwaka 1762, ndipo ilipounganishwa na ufalme wa Ufaransa. Mwaka 1789 yakaanza Mapinduzi makubwa. Serikali mpya ikawalazimisha mapadri kula kiapo ambacho Baba Mtakatifu alikikataa. Wale wasioapa wakawindwa kama wahalifu. Huko Ars kanisa likaporwa, mnara wa kengele ukabomolewa. Amani iliporudi, watu walikuwa wamekwisha kuzoea maisha bila sala. Siku ya Jumapili walilima mashamba, na jioni walijaa katika vilabu vya pombe, navyo vilikuwa vinne katika kijiji chenye watu wapatao 230 tu.

Basi mtu atakayetumwa kwao, naye pia alihesabiwa kuwa duni. Jean-Marie Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na Lyon. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye alichunga mifugo yao. Utoto wake ulipita katika siku za dhuluma. Mwaka 1799 alipokea Komunyo ya kwanza katika nyumba ya watu huko Écully. Madirisha yalifungwa, na mbele yake yakasimamishwa magari ya majani makavu, ili mwanga wa mishumaa usionekane nje. Kijana aliwaona mapadri waliohatarisha maisha yao kwa ajili ya Misa moja, akatamani kuwa kama wao.

Lakini masomo yalimshinda. Alianza kujifunza Kilatini akiwa na umri wa miaka 20 hivi, na aliyojifunza leo aliyasahau kesho. Mwaka 1809 akaitwa jeshini. Akaugua, wenzake wakatangulia, wala hakuwafikia tena. Akakaa mafichoni katika kijiji cha milimani mpaka serikali ilipotoa msamaha mwaka 1810. Baadaye, katika seminari kuu ya Lyon, alishindwa kujibu maswali ya Kilatini, akarudishwa nyumbani. Hapo ingeonekana kwamba safari yake imekwisha. Ila Padri Charles Balley, paroko wa Écully, hakumwacha. Alimfundisha tena kwa Kifaransa, akaenda kumwombea kwa wakubwa. Nao waliuliza kama kijana huyo ni mtu wa sala. Waliposikia kwamba ndivyo alivyo, wakamkubali. Akapewa upadri huko Grenoble tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na miaka 29.

Mwezi wa Februari 1818 Padri Vianney alikwenda Ars kwa miguu. Ukungu ulifunika nchi, hata akapotea njia. Akamkuta mtoto mchungaji, naye akamwonyesha upande wa kijiji. Padri akamwahidi mtoto yule kwamba, kwa malipo, atamwonyesha njia ya mbinguni.

Alipofika hakuanza kwa kugombeza watu. Aliamka usiku na kuingia kanisani kuwaombea. Vyombo vizuri vya nyumba yake alivitoa, na chakula chake kilikuwa viazi vya kuchemsha, alivyovila hata vikiwa vimepoa siku nyingi. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akiuliza habari za mavuno na za watoto. Mahubiri aliyaandika na kuyajifunza kwa moyo. Mara nyingine aliyasahau mbele ya watu, akashuka bila kumaliza. Watoto aliwafundisha katekismu asubuhi na mapema kabla hawajakwenda mashambani. Na yule aliyefukuzwa kwa kutojua Kilatini akawa mwalimu ambaye watoto wake walisifiwa kwa kuijua dini. Mwaka 1824 akafungua shule ya wasichana maskini na yatima.

Haikuwa kazi ya siku moja. Wengine walimsingizia mabaya. Hata mapadri wenzake waliandika barua kwa Askofu kwamba Vianney hana elimu ya kutosha kuongoza parokia. Barua ile ilipofika mikononi mwake, alitia sahihi yake mwenyewe, akaipeleka mbele, kwani aliona ni kweli. Lakini vilabu vikafungwa kimoja kimoja, Jumapili ikawa siku ya Bwana, na mnara wa kengele ukasimama tena.

Kisha wageni wakaanza kuja, matajiri na maskini, ili kuungama kwake. Katika miaka ya mwisho walikuwa maelfu kwa maelfu kila mwaka. Stesheni ya Lyon iliuza tiketi za kwenda na kurudi za siku nane, kwa kuwa aliyetaka kuungama Ars alipaswa kungoja siku nyingi. Padri aliingia katika kiti cha kitubio usiku wa manane, akakaa humo hata saa kumi na sita kwa siku. Saa tano za asubuhi alitoka kufundisha katekismu.

Kumbe moyoni aliteswa na fikira kwamba hastahili kuwa paroko. Alitamani kwenda mahali pa upweke kulilia dhambi zake. Mara kadhaa alijaribu kukimbia. Usiku mmoja wa mwaka 1853 kengele ikapigwa, watu wakatoka na taa, wakamzuia njiani na kumsihi. Akageuka, akarudi kanisani, akaketi tena kuungamisha. Hakutii tamaa yake, bali alitii haja ya watu wake. Alikaa nao miaka 41, mpaka alipofariki tarehe 4 Agosti 1859, mwenye umri wa miaka 73.

Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko. Mwili wake umewekwa huko Ars, katika kanisa kubwa lililounganishwa na lile dogo la zamani, na mahujaji hufika mpaka leo.

Kijiji kile hakikuwa na mali wala jina, na padri wake hakuwa na akili nyepesi ya vitabu. Basi mwenye kurudishwa nyuma katika maswali ya katekismu, arudi tena kwa mwalimu wake, wala asiache kusali. Mungu haoni haya kungojea wanaojifunza polepole.