Karen Blixen na baba wawili wa msichana shujaa

Kwa sisi wakazi wa Mwiki, huku Ruiru, Karen ni mtaa wa matajiri ulio ng'ambo ya pili ya jiji la Nairobi. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za mtu, wala si za mtaa. Mtu huyo ni marehemu Bibi Karen Blixen, mwandishi mashuhuri wa Denmark aliyepata kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Wengi wanamjua kwa kitabu alichokitoa mwaka 1937 kuhusu shamba hilo, na kwa sinema iliyotokana nacho mwaka 1985. Mimi nitashika njia nyingine. Nitaeleza jinsi alivyolelewa, na jinsi malezi hayo yalivyomwezesha kuumba wasichana mashujaa katika riwaya yake moja isiyosomwa sana.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 katika nyumba iitwayo Rungstedlund, kando ya bahari, kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari. Alipigana vita vya mwaka 1864 kati ya nchi yake na Prussia, kisha akajiunga na jeshi la Ufaransa, na baadaye akavuka bahari hadi Marekani, akawa mwindaji katika misitu ya Wisconsin, jirani na wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Aliporudi kwao aliandika vitabu, akaingia Bungeni. Miongoni mwa watoto wake watano, Karen ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Alimchukua matembezini, wawili peke yao, akazungumza naye kama anayezungumza na mtu mzima. Kisha, mwezi Machi 1895, mtoto akiwa hajatimiza miaka 10, baba huyo alijitia kitanzi.

Malezi yakabaki mikononi mwa mama, bibi na ndugu wa kike wa mama. Hao walikuwa wa ukoo wa Westenholz, watu wa biashara na mali. Babu wa upande huo alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Fedha. Walikuwa watu wema, wacha Mungu, waliopima kila jambo kwa mizani ya wajibu. Walimpa mtoto chakula, elimu na adabu, lakini yeye alikua akimlilia yule aliyeondoka.

Januari 1914 alifika Mombasa, akafunga ndoa na binamu yake wa mbali, Bror von Blixen-Finecke. Ujasiri wa kusafiri hadi nchi asiyoijua tunaweza kusema aliurithi kwa baba. Fedha za kuanzisha shamba zilitoka kwa jamaa za mama. Mume hakuwa mtu wa kutulia, na ndoa ikavunjika mwaka 1925. Kahawa nayo haikumtunza. Sisi wa Ruiru tunalielewa jambo hili, kwa kuwa ni hapa kwetu kilipo kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11. Shamba la Bibi Blixen lilikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000, na baridi, upepo na ukame viliidhoofisha mibuni. Mwaka 1923 kiwanda chake kikaungua. Mwaka 1931 shamba likauzwa, na Mei mwaka huo huo rafiki yake mpenzi, Denys Finch Hatton, akafa katika ajali ya ndege huko Voi. Akarudi kwa mama yake akiwa na umri wa miaka 46, bila mume na bila fedha. Hapo ndipo alipoishika kalamu kwa dhati, na mwaka 1934 akatoa kitabu cha hadithi kwa jina la kiume, Isak Dinesen.

Riwaya ninayotaka kuizungumzia ilitoka Copenhagen mwaka 1944, wakati Denmark ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Wajerumani. Kwa Kiingereza inaitwa The Angelic Avengers. Safari hii alijificha nyuma ya jina jingine, Pierre Andrézel. Humo mna wasichana wawili, Lucan na Zosine. Lucan ni yatima aliyeajiriwa na tajiri mmoja mgane, na tajiri huyo anapomtaka awe hawara, anakimbilia kwa rafiki yake. Baba wa Zosine ni mtu wa anasa aliyemlea bintiye kama malkia, lakini mali inafilisika na yeye anatoroka. Wakiwa hawana kwao, wasichana wanapokelewa huko Ufaransa na mchungaji wa Kiskoti aitwaye Pennhallow. Anawapa nyumba na masomo, na anawaita wanawe. Kumbe mzee huyo hufanya biashara ya kuuza wasichana, na yuko mwingine aliyeangamia mikononi mwake kabla yao. Wangeweza kukimbia. Wanaamua kubaki ili uovu wake ufichuliwe.

Nilipoisoma riwaya hiyo nilijiuliza ujasiri ule wameupata wapi. Jibu langu ni kwamba umetokana na baba wawili wasiofanana. Baba wa Zosine ana makosa mengi, lakini alimpenda bintiye waziwazi, na msichana aliyepata kupendwa hivyo anaijua thamani yake hata akibaki mikono mitupu. Pennhallow ana kila kitu cha nje cha baba mwema: maneno laini, vitabu, sala na meza yenye chakula. Kasoro yake ni moja, nayo ni kwamba anamhesabu mtoto kuwa bidhaa. Yule wa kwanza ndiye aliyempa Zosine kipimo cha kumtambua huyu wa pili. Wadenmark wengi waliisoma hadithi hiyo kama habari za nchi yao chini ya mgeni aliyejifanya mlinzi.

Haki yatutaka tuongeze jambo moja. Huku kwetu Bibi Blixen mwenyewe alijiona kama mzazi wa Wakikuyu walioishi shambani mwake, na wao walihesabiwa maskwota katika nchi ya babu zao. Hawakumwomba awe mzazi wao. Hata hivyo, shamba lilipouzwa alihangaika katika ofisi za serikali hadi watu hao wakapewa ardhi mahali pamoja, huko Dagoretti, wasitawanywe.

Alifariki Rungstedlund tarehe 7 Septemba 1962, akazikwa chini ya mti katika viwanja vya nyumba hiyo. Somo la riwaya yake bado linatuhusu. Katika mitaa kama Mwiki wako wasichana waliobaki na mama peke yake, na hawakosi watu wanaokuja na ahadi za karo, au za kazi nzuri nchi za mbali, wakijiita baba. Tunawafundisha mabinti kumtii kila mkubwa, nasi twaona kuwa hiyo ndiyo adabu. Naona ni heri tuwafundishe pia kumpima mkubwa huyo kabla ya kumtii, na sisi akina baba tuwape, tungali nao, upendo utakaokuwa kipimo chao.