Anaxagoras alifika mlangoni, hakuingia

Ndugu msomaji, kila ninapofundisha somo la Tawhid darasani, hatokosekani kijana atakayeuliza: kwani ulimwengu haukuweza kujipanga wenyewe? Swali hili si jipya. Wayunani walilijadili karne tano kabla ya Nabii Issa (a.s.), na mmoja wao aliyejaribu kulijibu alikiona cha moto.

Huyo ni Anaxagoras, aliyezaliwa mnamo mwaka 500 kabla ya Masihi katika mji wa Clazomenae, pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Waliomtangulia walitafuta asili ya kila kitu katika maji, hewa au moto. Yeye alikwenda Athens akafundisha kwamba hapo mwanzo vitu vyote vilikuwa vimechanganyika, hakuna kilichopambanuka. Kisha Akili, ambayo haikuchanganyika na chochote, ikauzungusha mchanganyiko ule. Vizito na vya baridi vikakusanyika katikati, vyepesi na vya moto vikaenda pembeni. Kwa maneno mengine, mpangilio haukuzuka tu kwa bahati nasibu.

Wayunani waliliona jua kuwa ni mungu. Anaxagoras akawaambia ni jiwe linalowaka, kubwa kuliko rasi ya Peloponnese, na kwamba mwezi hupata nuru yake kutoka kwenye jua. Akashtakiwa kwa kuikufuru miungu ya mji. Alikuwa rafiki wa Pericles, kiongozi mkubwa wa Athens, na mahasimu wa kiongozi huyo wakapata pa kupigia. Aliishia uhamishoni Lampsacus, akafariki huko mnamo mwaka 428 kabla ya Masihi.

Muislamu akisoma kisa hiki atamkumbuka Nabii Ibrahim (a.s.), aliyewaonyesha watu wake kuwa jua linalotua haliwezi kuwa Mola. Atamkumbuka pia Mtume wetu (s.a.w.), aliyewakatalia watu waliodhani jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha mwanawe.

Hata hivyo, tusimpambe Anaxagoras kwa sifa asizokuwa nazo. Akili yake ilipanga, haikuumba. Ni mfano wa fundi seremala aliyekuta mbao zipo tayari. Plato anasimulia kwamba Socrates alikisoma kitabu chake kwa shauku kubwa, kisha akavunjika moyo: mwandishi aliitaja Akili, halafu akarudi kueleza mambo kwa hewa na maji tu. Zaidi ya hayo, Akili hiyo haiombwi, haiamrishi wala haikatazi, na haina siku ya hesabu. Kosa la kudai ulimwengu hauna mwanzo ndilo Imam Ghazali alilolipinga kwa nguvu katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095.

Tuna mafunzo mawili hapa. Wazazi wanaoogopa kwamba sayansi itawapotosha watoto wao waelewe kuwa kulijua jua kwa undani hakumpunguzii mtu imani. Kinachopungua ni ushirikina. Na vijana wanaodhani akili inatosha wamtazame mzee huyu. Akili ilimfikisha kwenye mlango, akajua ndani yumo Mwenye kupanga. Lakini bila wahyi hakumjua ni nani, wala anataka nini kwetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.