Ed Wood

Edward Davis Wood Jr. (Poughkeepsie, New York, 10 Oktoba 1924 – Los Angeles, 10 Desemba 1978) alikuwa mwongozaji wa filamu wa Marekani.

Anajulikana hasa kwa Plan 9 from Outer Space. Mwigizaji wake Bela Lugosi alifariki mwaka 1956. Wood akatumia vipande vichache alivyokwisha kumpiga, kisha akaweka mtu mwingine aliyejifunika uso kwa joho. Hawakufanana hata kidogo.

Alikufa maskini, siku chache baada ya kufukuzwa nyumba ya kupanga. Umaarufu ulikuja baadaye, kwa njia ya dhihaka. Mwaka 1993 wachekeshaji wa kipindi cha Mystery Science Theater 3000 waliionyesha Bride of the Monster huku wakiisema tangu mwanzo hadi mwisho. Wasimulizi wa vibanda vya video Tanzania, kama Lufufu, walimfafanulia mtazamaji filamu; hawa waliicheka.