Padre Georges Lemaître na mpaka wa shimo jeusi

Kwetu sisi wa Jimbo la Mpanda, Ubelgiji si nchi ngeni. Wabelgiji walianzisha kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Leo tunamkumbuka Mbelgiji mwingine, padre na mwanasayansi.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi tarehe 17 Julai 1894. Vita vya 1914 vilimkuta akisomea uhandisi, akajiunga na jeshi. Baada ya vita alisoma hisabati, kisha akaingia seminari. Kardinali Mercier alimpa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1923.

Mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein alizikubali hesabu lakini hakulikubali hitimisho, ingawa baadaye alibadili msimamo. Mwaka 1931 Lemaître aliunganisha sheria za joto na nadharia ya kwanta, yaani vipande vidogo kabisa vya nishati. Aliona kwamba vipande hivyo huongezeka kadiri muda unavyokwenda. Basi tukirudi nyuma vitapungua, pengine hadi kimoja tu. Huo ndio mwanzo aliouwazia.

Miaka miwili baadaye aligusa kile tunachokiita leo shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga hautoki. Kwenye mpaka wake hesabu zilikwama, kana kwamba maumbile yanaishia pale. Lemaître alionyesha kuwa tatizo lilikuwa katika namna ya kupima. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliitumia nadharia ya kwanta kwenye mpaka huohuo, akaonyesha kwamba shimo jeusi lina joto na hutoa mionzi hafifu. Joto na kwanta vikakutana tena.

Mwaka 1951 Papa Pio XII alihusisha mwanzo wa ulimwengu wa wanasayansi na uumbaji. Lemaître, padre mwaminifu, aliingiwa na wasiwasi: nadharia inaweza kuangushwa na vipimo vya kesho, na imani haipaswi kuegemea hapo. Alifariki tarehe 20 Juni 1966, akiwa Rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi.

Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tunalo jaribu hilo. Tunapoulizwa parokiani kama sayansi imemfukuza Mungu, tunakimbilia kumweka pale tusipoelewa. Huenda ukuta tunaouona ni wa vipimo vyetu tu, na siku utakapoanguka, tutakuwa tumewaangusha pia waamini waliotutegemea.