Virginia Apgar: Daktari wa usingizi aliyewaachia wakunga kipimo

Katika wodi za wazazi, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mtoto anapotimiza dakika moja tangu kuzaliwa hupewa alama, na alama hizo huandikwa. Zina jina la Virginia Apgar, Mmarekani ambaye hakuwa mkunga. Alikuwa daktari wa usingizi.

Apgar alizaliwa Juni 7, 1909, huko Westfield, New Jersey. Mwaka 1933 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaanza mafunzo ya upasuaji. Mkuu wake, Allen Whipple, hakuwa na shaka na uwezo wake, bali alikuwa ameona wanawake waliotangulia wakikosa riziki katika fani hiyo. Alimshauri ahamie kwenye tiba ya usingizi, akiamini kuwa upasuaji usingesonga mbele bila tiba hiyo kuimarika.

Wakati huo dawa ya usingizi ilitolewa zaidi na wauguzi, na daktari aliyetaka ubingwa huo alikuwa na mahali pachache pa kujifunzia. Apgar alianza kwa kusoma pamoja na wauguzi. Mwaka 1937 alikwenda Madison, Wisconsin, kwa Ralph Waters, ambaye alianza kuwafunza madaktari ubingwa huo chuoni humo mwaka 1927. Kwa Waters, kujua kipimo cha dawa hakukutosha. Daktari mwanafunzi alisoma jinsi mwili unavyopumua, aliandika mwenendo wa kila mgonjwa aliyelazwa usingizi, na kila wiki alikutana na wenzake kuchambua kilichoharibika na sababu zake. Apgar alijifunza hayo huku akihamahama, kwani hapakuwa na malazi ya madaktari wanawake. Baada ya miezi 6 alirudi New York, akaendelea katika hospitali ya Bellevue chini ya Emery Rovenstine, mwanafunzi wa Waters.

Mwaka 1938 Columbia ilimkabidhi kitengo cha usingizi. Alikijenga kwa zaidi ya miaka 10, lakini mwaka 1949 kilipopandishwa kuwa idara, uongozi ulikwenda kwa mwanamume, Emanuel Papper. Apgar alipewa uprofesa kamili, mwanamke wa kwanza kuufikia katika kitivo hicho cha udaktari, akageukia chumba cha kujifungulia.

Huko alitaka kujua dawa anayopewa mama inamfanya nini mtoto. Alichagua ishara 5: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu ya misuli, mwitikio wa mtoto anapoguswa na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa 0, 1 au 2, na jumla ya juu ni 10. Kipimo hicho, alichokiwasilisha mwaka 1952 na kukichapisha mwaka uliofuata, hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu anayetazama kwa makini na kuandika alichokiona, kama alivyozoezwa Madison.

Apgar alifariki Agosti 7, 1974, akiwa na umri wa miaka 65.