Askofu Steere na Hadithi za Watoto

Wengi wetu tuliofika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, tumeonyeshwa kaburi la Askofu Edward Steere nyuma ya altare. Twamkumbuka kwa kujenga kanisa lile mahali palipokuwa soko la watumwa. Lakini sisi tuliofanya kazi ya ualimu twamshukuru pia kwa vitabu vyake.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa padri. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, watoto waliokwisha kunyang'anywa wazazi na kwao. Steere aliona kwamba haifai kuwafundisha kwa lugha ya ugenini. Akajifunza Kiswahili kwa bidii, akiketi na wenyeji wa mji, akisikiliza na kuandika. Kazi ya kupiga chapa aliijua, na misioni ilikuwa na mtambo wake; vijana wa skuli nao wakafundishwa kazi hiyo.

Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi za Unguja. Humo kuna kisa cha papa aliyetaka moyo wa kima, na kima akajiokoa kwa kusema moyo wake ameuacha nyumbani, juu ya mti. Kumo pia kisa cha punda wa dobi, na cha paa wa Sultani Darai. Hadithi hizi hakuzitunga yeye. Ni mali ya wasimulizi wa Unguja, na sifa ya Steere ni kwamba aliziandika kama alivyosimuliwa.

Alipata uaskofu mwaka 1874. Mwaka 1876 aliongoza watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, wakaanzisha makao huko. Alitafsiri Agano Jipya pia. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Kiunguja alichokiandika ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Hapa Mbezi Luis wamo bibi na babu wanaojua hadithi ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wazee hao wakiondoka, huondoka nazo. Basi wazazi, watoto waketi nao jioni wasikilize, na wanaojua kuandika wachukue daftari. Steere alianza hivyo hivyo.